Mbwa ana vipele vya usaha? Anza na shampuu

Mbwa akitoka vipele vya usaha tumboni au mapajani, tafadhali usimpe amoksisilini iliyobaki kabatini. Kisababishi huwa mara nyingi ni bakteria Staphylococcus pseudintermedius, na wengi wao hutoa kimeng'enya kinachovunja dawa hiyo. Wadhaifu wanakufa, wasugu wanabaki.

Ugonjwa ukiwa juu juu ya ngozi, shampuu yenye klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu vya ngozi) ya asilimia 2 hadi 4 mara nyingi inatosha. Mwogeshe mara 2 au 3 kwa wiki, na povu likae dakika 10 kamili kabla ya kusuuza. Tazama saa! Wengi wanasuuza baada ya dakika 2, kisha wanailaumu shampuu.

Vidonge vikihitajika, daktari wa mifugo ampime mbwa kwa mizani, si kwa macho. Sefaleksini, antibiotiki ya kumeza, ni miligramu 22 hadi 30 kwa kila kilo, kila saa 12: mbwa wa kilo 20 hupewa kapsuli ya miligramu 500 asubuhi na nyingine jioni.

Wiki 2 zikipita bila nafuu, msibadili dawa kwa kubahatisha. Omba usaha uoteshwe maabara, na sampuli itoke kwenye kipele ambacho hakijapasuka. Bakteria wenye mecA, jeni ya usugu, hawaguswi na sefaleksini wala amoksisilini hata dozi ikiongezwa. Klorheksidini kwa kawaida bado huwaua, kwa hiyo usiache kuogesha. Nawa mikono kila ukimshika, maana wanaweza kuhamia kwa watu.

Vipele vikirudi kila mara, tafuta viroboto au mzio.