Wapenzi wa jinsia moja Uingereza: kazini, shuleni na kwenye simu yako

Ukianza kazi kwenye nyumba ya wazee huko Leeds au Leicester, usishangae kuambiwa kuwa babu unayemhudumia ana mume. Ni mume wa ndoa halali. Ndoa za namna hii zilianza England na Wales Machi 2014, na tangu Desemba 2005 palikuwa na ubia wa kiraia, yaani uhusiano uliosajiliwa kisheria bila kuitwa ndoa. Kwenye fomu, sehemu ya ndugu wa karibu, andika "mume". Ukiandika "rafiki", hali ikibadilika usiku atapigiwa simu mpwa asiyefika hapo hata kwa mwaka, na mwenye haki ya kuwa kitandani pale atapata habari asubuhi.

Wazee wengi bado huficha. Hadi 1967 mwanamume alifungwa kwa jambo hili England na Wales, kwa hiyo mzee wa miaka 85 aliionja hofu hiyo ujanani. Picha ya mwenzake huenda iko ndani ya droo, chini ya soksi, siyo ukutani. Usimuulize "mkeo yuko wapi?" Muulize "tumpigie nani simu?"

Kukataa kumwogesha mtu kwa sababu ni mpenzi wa jinsia moja ni ubaguzi chini ya Sheria ya Usawa ya 2010 (Ireland ya Kaskazini ina sheria zake). Mzaha kwenye chumba cha mapumziko nao huweza kuhesabiwa unyanyasaji, hata kama aliyeusikia siye uliyemlenga. Wenzetu wengi hunaswa hapa, wakidhani Kiswahili ni pazia, kumbe dada wa zamu aliyetoka Bujumbura anaelewa kila neno. Imani yako pia inalindwa na sheria hiyo hiyo. Hulazimiki kwenda kwenye maandamano ya Pride, sherehe za wapenzi wa jinsia moja. Unalazimika kumhudumia kila mtu sawasawa.

Wazazi walioko England wachunge tofauti moja. Elimu ya mahusiano, inayoweza kugusa familia za namna hii, ni lazima shule za msingi tangu Septemba 2020, na huwezi kumtoa mtoto. Elimu ya ngono unaweza kuomba atolewe: mwandikie mwalimu mkuu. Sekondari ombi hilo hufaa hadi mihula mitatu kabla mtoto hajatimiza miaka 16. Baada ya hapo, akitaka kusoma, atasoma. Omba kwanza uone vitabu vyenyewe, maana uvumi wa wasap huzidi yaliyomo.

Kama wewe mwenyewe ni mpenzi wa jinsia moja, hatari kubwa iko nyumbani Afrika Mashariki. Kenya kifungo hufika miaka 14, Tanzania Bara huanzia miaka 30, na sheria ya Uganda ya 2023 inafika hadi kifo kwa baadhi ya makosa. Picha za Pride zisiingie kundi la ukoo. Zima utambulisho wa majina (tag) kwenye picha, na usimposti mtu ambaye bado ana safari za Dar au Kampala bila idhini yake. Kabla ya kupanda ndege kwenda likizo, futa picha na mazungumzo hayo kwenye simu, pamoja na yaliyohifadhiwa mtandaoni.