Barua pepe ya ofisi ikikataa kuingia kwenye Thunderbird au Outlook: usianze na nenosiri

Simu ninazopigiwa kutoka ofisi za Mwanga, hapa Kigoma, na za kule bandarini huanza karibu zote kwa sentensi moja: "Fundi, barua pepe imekataa nenosiri, nibadilishie." Sibadilishi. Kwanza nenosiri mara nyingi ni zima. Pili, ukilibadilisha wakati simu, tableti na mashine ya fotokopi bado zina lile la zamani, umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza, na la pili ndilo litakalokutesa wiki nzima.

Mwongozo huu unahusu zaidi kampuni zinazokodi sava ya kawaida (kompyuta ya mbali inayotunza barua) yenye cPanel, yaani paneli ya kuisimamia kwa kivinjari, ambako programu ya Dovecot inashughulika na kupokea na ya Exim na kutuma. Wa Microsoft 365 na Google wana sehemu yao fupi mwishoni. Andaa laptopu yenye tatizo, simu yenye bando, na anwani ya barua pepe ya kampuni kwa kivinjari.

Hatua ya 1: Ingia kwa kivinjari

Fungua barua pepe kwa kivinjari. Kwenye cPanel ni jina la sava likifuatiwa na nukta mbili na poti 2096 (poti ni namba ya mlango kwenye sava). Andika nenosiri kwa mkono. Ukilinakili kutoka WhatsApp mara nyingi unabeba na nafasi tupu mwishoni, na nafasi hiyo ni herufi kama herufi nyingine. Kwenye simu angalia pia kibodi isigeuze herufi ya kwanza kuwa kubwa.

Ikifunguka, nenosiri ni zima, usiliguse tena. Isipofunguka, usihukumu bado. Soma hatua ya 5.

Hatua ya 2: Soma kosa lenyewe, lote

Watu wananitumia picha ya kisanduku cha kosa wakiwa wamekata nusu ya maneno, na nusu iliyokatwa ndiyo yenye habari. Programu ya barua (Thunderbird au Outlook) ikizunguka kwa muda kisha ikasema muda umekwisha, haijafika kwenye sava. Hapo nenosiri halijaangaliwa na mtu yeyote. Ikilalamikia cheti, yaani kitambulisho cha sava, imefika lakini haimwamini iliyemkuta mlangoni. Ikisema uthibitisho umeshindwa, imefika, imesalimiana, na jina au nenosiri ndilo lililokataliwa. Na kama inapokea vizuri ila kutuma ndiko kunakogoma, tatizo liko upande wa SMTP, njia ya kutuma, peke yake, usihangaike na IMAP, njia ya kupokea.

Hatua ya 3: Mipangilio

Kupokea: IMAP, poti 993, SSL/TLS (usimbaji unaoficha mazungumzo njiani). Kutuma: SMTP, poti 465 na SSL/TLS, au 587 na STARTTLS (usimbaji unaoanza baada ya kuunganishwa). Jina la mtumiaji ni anwani nzima ya barua pepe, pamoja na kila kilicho baada ya alama ya @. Aina ya uthibitisho ni nenosiri la kawaida, kwa sababu njia tayari imesimbwa na TLS. Ukichagua nenosiri lililosimbwa, sava nyingi hazina hiyo njia na zitakukatalia hata ukiwa na nenosiri sahihi.

Usichanganye poti na usimbaji: 993 na STARTTLS haviendi pamoja, vitaganda tu. Poti 25 waachie sava zinazoongea zenyewe kwa zenyewe. POP3, njia nyingine ya kupokea, siiweki kwa mtu yeyote ofisini, maana inaweza kuvuta barua kwenye mashine moja na kuzifuta kwenye sava, halafu siku laptopu ikilowa maji mnakuja kuniuliza barua za mwaka jana ziko wapi. Kwenye Outlook kuna kisanduku cha kuonyesha kwamba sava ya kutuma nayo inahitaji uthibitisho. Kitie alama.

Mimi nafanyia kazi Thunderbird. Inaonyesha kila kitu kwenye ukurasa mmoja na haijifanyi mwerevu. Kwa Outlook mpya ya Windows chukua tahadhari moja: akaunti za IMAP inazipitisha kwenye wingu la Microsoft, kwa hiyo anayebisha hodi kwenye sava yenu si laptopu ya Kigoma, ni mashine ya Microsoft iliyoko mbali. Sava iliyowekwa ikubali anwani za IP (namba za utambulisho kwenye mtandao) za Tanzania tu itamkataa, na utakesha ukilaumu nenosiri.

Hatua ya 4: Saa na cheti

Umeme ukikatika na kompyuta ya mezani ikawaka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita, cheti cha sava kitaonekana hakijaanza kutumika. Rekebisha saa, badilisha ile betri ya duara kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), CR2032. Hakikisha pia jina la sava uliloandika ndilo lililo kwenye cheti. Usibonyeze "kubali hata hivyo" ili kazi iende. Baadhi ya programu za kuzuia virusi hujiweka katikati na kutoa cheti chao; zima kwanza kipengele chao cha kukagua barua, kisha jaribu tena.

Kama bado mna Windows 7, TLS 1.2 ipo ndani lakini imezimwa, na sava nyingi sasa hazikubali chini ya hapo. Thunderbird inabeba TLS yake yenyewe, na toleo la 115 ndilo la mwisho kwa Windows hiyo.

Hatua ya 5: Huenda ofisi nzima imefungiwa

Hapa ndipo pa kukaa.

Vifaa vyote vya ofisi vinatoka nje kwa anwani moja ya IP, ile ya ruta. Sava ya barua ina mlinzi anayehesabu makosa ya kuingia kutoka kila anwani. Kama ni fail2ban iliyoachwa na mipangilio yake ya asili, makosa 5 ndani ya dakika 10 yanafungia anwani kwa dakika 10. Wasimamizi wengi huongeza muda huo hadi saa kadhaa. Kwa hiyo simu moja yenye nenosiri la zamani, iliyosahaulika kwenye droo huku imeunganishwa na Wi-Fi, inatosha kuwafungia wote: meneja, mhasibu, hata mgeni aliyekuja na laptopu yake.

Dalili zake zinapotosha. Faiawoli (ukuta wa kinga wa sava, ambao fail2ban huutumia) ikifunga, programu inasubiri mpaka muda unakwisha, na ofisi inasema "mtandao wa Kigoma leo mbovu". Lakini kama mlinzi ni cPHulk ya cPanel, anawadanganya: hasemi mmefungiwa, anasema taarifa za kuingia si sahihi hata ukiandika nenosiri sahihi. Ndiyo maana nilikwambia usihukumu kwenye hatua ya 1. Na kwa vile kizuizi kinaisha chenyewe, baada ya muda kila kitu kinafanya kazi, kila mtu anajisifu kuwa alichogusa mwisho ndiyo dawa, kesho linarudi.

Jaribio ni rahisi. Toa laptopu kwenye Wi-Fi ya ofisi, iunganishe na hotispoti ya simu. Zima Wi-Fi kwenye simu yenyewe kwanza, maana simu nyingine zinaweza kurusha hotispoti huku zikivuta intaneti ileile ya ofisi, na jaribio lako halina maana. Barua ikiingia kwa hotispoti na kukataa kwa Wi-Fi ya ofisi, nenosiri halina kosa na mipangilio haina kosa. Ikikataa kwote, jaribu laini ya mtandao mwingine kabla ya kukata tamaa: kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mtu usiyemjua kabisa anaweza kuwa ndiye aliyeifungisha.

Ukitaka ushahidi zaidi, fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, uandike:

Test-NetConnection jina-la-sava -Port 993

Angalia mstari wa TcpTestSucceeded. Ikiwa ni False ofisini na True kwenye hotispoti, njia imefungwa. Rudia kwa poti 443. Nayo ikiwa False, anwani yenu imefungiwa mlango mzima. 443 ikipita na 993 ikagoma, kuna mambo mawili na jaribio hili halitayatofautisha: fail2ban inaweza kufunga poti za barua tu, na ruta au mtoa huduma wenu wa intaneti anaweza kufanya vivyo hivyo. Na ikiwa True pande zote mbili lakini bado mnakataliwa ofisini tu, mfikirie cPHulk.

Sasa kumtafuta mkosaji. Kuna wakala mmoja wa forodha karibu na bandari ambaye barua zake zilikuwa zikikatika asubuhi, muda mfupi baada ya kufungua ofisi, karibu kila siku ya kazi. Ruta ilibadilishwa. Kifurushi cha intaneti kikaongezwa. Mhasibu, mama mtaratibu asiyependa kelele, alishabadilishiwa nenosiri mpaka akawa analiandika kwenye kalenda ya ukutani. Mkosaji alikuwa fotokopi. Kijana wa nyaraka alikuwa akifika anaskani hati za mizigo ya Bujumbura na Kalemie, mashine inajaribu kuzituma kwa barua pepe ya mhasibu kwa nenosiri la zamani lililobaki kwenye kumbukumbu yake, inakataliwa, inajaribu tena ukurasa kwa ukurasa. Kila walipombadilishia mama nenosiri, ndivyo fotokopi ilivyozidi kuwa mbali na ukweli.

Msimamizi wa sava anaweza kukuonyesha mkosaji haraka kama atakubali kufungua logi, yaani daftari la matukio ya sava. Kwenye logi ya Dovecot atafute maneno "auth failed": mbele yake kuna user, yaani akaunti, na rip, yaani anwani iliyobisha. Anwani itakuwa ileile kwa ofisi nzima, kwa hiyo mtazame user. Wakosaji wa kutuma, kama ile fotokopi, hawaonekani hapo. Wako kwenye logi ya Exim, kwenye mistari yenye 535, namba ya kosa la kuingia. Na mstari huo una zawadi ambayo wengi wanaipita: kabla ya anwani ya nje, kwenye mabano, kuna jina ambalo kifaa kilijitambulisha nalo. Mara nyingi ni jina la kompyuta au anwani yake ya ndani, mfano 192.168.1.40. Ukishaipata hiyo, fungua orodha ya vifaa kwenye ruta, unamwendea moja kwa moja.

Msipopata logi, toeni vifaa vyote kwenye mtandao, simu za mifukoni zikiwemo, subirini kizuizi kiishe, kisha rudisheni kimoja kimoja mkikipa kila kimoja muda wa kutosha kukosea. Inachosha. Kuzima na kuwasha ruta si dawa: kama anwani yenu inabadilika, mtapata mpya na barua zitaingia, mpaka mkosaji aifungishe na hiyo. Kumwomba msimamizi aiweke anwani yenu kwenye orodha ya wasiofungiwa ni sawa ikiwa tu mna anwani ya kudumu, na baada ya mkosaji kupatikana.

Kama nenosiri lazima libadilike, mpangilio ni huu: kwanza weka vifaa vyote vya akaunti hiyo nje ya mtandao, ndipo ubadilishe, ndipo uingize jipya kwenye kila kifaa kabla hujakirudisha hewani. Fotokopi iwe na akaunti yake yenyewe. Sijali mkiiita skana au karani, ila isitumie barua pepe ya binadamu.

Hatua ya 6: Futa manenosiri yaliyohifadhiwa

Kwenye Thunderbird nenda mipangilio, faragha na usalama, orodha ya manenosiri. Futa mistari yote miwili, wa imap na wa smtp. Watu wanafuta mmoja. Kwa Outlook, kitunza-manenosiri cha Windows kiko kwenye paneli ya udhibiti.

Hatua ya 7: Kama barua iko Microsoft 365 au Google

Hapa nenosiri sahihi na poti sahihi havitoshi. Microsoft ilianza kuzima kuingia kwa jina na nenosiri tupu kwenye IMAP na POP ya Exchange Online, huduma ya barua ya Microsoft 365, tarehe 1 Oktoba 2022. Kwenye Thunderbird badilisha aina ya uthibitisho iwe OAuth2, litafunguka dirisha la kivinjari, ingia humo. Uruhusu vidakuzi (cookies), la sivyo dirisha litafunguka na kufunga bila neno. Google ni OAuth2 vilevile. Nenosiri la programu la Google, lile la herufi 16, linapatikana ukishawasha uthibitishaji wa hatua mbili na kama msimamizi hajalizuia.

Hatua ya 8: Ikibidi kumwandikia msimamizi

Wengi wako Dar es Salaam na wana ofisi nyingi za kuhudumia, kwa hiyo mpe vya kufanyia kazi: "Habari za kazi. Akaunti ya uhasibu inakataa kutoka ofisi ya Kigoma, inakubali kwa data ya simu. Anwani yetu ya nje ni hii. Jaribio la mwisho ni leo saa 3:40 asubuhi. Poti 993 inafika, 465 haifiki. Naomba uangalie kama tumefungiwa, na unitumie mistari ya logi ya muda huo." Bandika na kosa lote, bila kulikata.