Namna ya Kuandaa Maombi ya Kukarabati Sura ya Mbele ya Duka na Kuweka Bango

Mwenye duka anayetaka kubadili sura ya mbele ya duka lake mara nyingi huanza kwa mchora mabango, akaenda kwa fundi wa vioo, na ofisi ya mipango miji akaikumbuka mwisho, herufi za bango zikiwa zimekwisha kukatwa na kulipiwa. Utaratibu huo ugeuzwe. Kabla ya kuagiza chochote, ulizia kwa maandishi jengo limo katika ukanda gani wa matumizi ya ardhi, kama limeorodheshwa kuwa la urithi au lipo ndani ya eneo la hifadhi, na ni vibali vingapi vinavyohitajika. Kwa kawaida idhini ya mipango miji, kibali cha ujenzi na kibali cha bango ni mambo matatu tofauti: ya kwanza huangalia mwonekano wa duka na uhusiano wake na mtaa, cha pili huangalia uimara na kinga dhidi ya moto, na cha tatu huangalia ukubwa, mahali na mwanga wa bango. Kupata kimoja si kupata vyote. Ikiwa wewe ni mpangaji, omba mapema barua ya ridhaa ya mwenye jengo.

Kisha lichunguze jengo lenyewe, na hapa usifanye haraka. Simama ng'ambo ya barabara upige picha ya uso mzima wa jengo pamoja na majirani wa pande zote mbili, kwa sababu wakaguzi watauliza kama mistari ya duka lako inaendana na yao. Katika majengo ya zamani, mabamba ya bati au alumini yaliyobandikwa baadaye mara nyingi huficha vidirisha vya juu ya mlango, nakshi za nguzo, hata jina la duka la kwanza lililopakwa kwa rangi. Mwombe fundi afungue bamba moja la pembeni ili muone kilichomo nyuma yake kabla ya kuchora. Kurejesha kilichopo ni jambo jepesi kulitetea kuliko kubuni upya. Utafute pia mkanda wa bango, yaani nafasi iliyo kati ya ukingo wa juu wa vioo vya maonyesho na vizingiti vya chini vya madirisha ya ghorofa ya kwanza. Bango linalokaa ndani ya mkanda huo bila kuvuka nguzo hukutana na pingamizi chache sana.

Michoro ndiyo roho ya maombi. Chora sura ya mbele ilivyo sasa na itakavyokuwa kwenye karatasi moja, zote kwa skeli ya 1:50, ili tofauti ionekane kwa jicho bila maelezo marefu. Ongeza mchoro wa mkato, yaani wa ukuta kana kwamba umekatwa wima, kwa skeli ya 1:10 au iliyo kubwa zaidi, unaoonyesha jinsi bango linavyofungwa ukutani na nyaya zinavyopita. Maneno kama "rangi ya kijivu" hayatoshi. Taja namba ya rangi, aina ya malighafi, na upeleke kipande cha sampuli. Kizingiti cha mlango nacho kisisahauliwe: kama ndani kumeinuka sentimita 15 kuliko njia ya waenda kwa miguu, mteremko wa 1:12, yaani kupanda sentimita moja kwa kila sentimita 12 za urefu, kwa ajili ya kiti cha magurudumu utahitaji urefu wa mita 1.8, na urefu huo ni vema utoke ndani ya duka, usiwamege wapita njia.

Kuhusu ukubwa wa bango, miji mingi huuhusisha na upana wa uso wa jengo. Mjini São Paulo, Brazili, kwa mfano, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2007 huruhusu mita za mraba 1.5 kwa uso wa jengo usiofikia mita 10. Eneo lenyewe hupimwa mara nyingi kwa mstatili mdogo kabisa unaoweza kuzunguka maandishi yote. Chukua jina lenye urefu wa mita 4.5 na herufi za sentimita 40: eneo lake ni mita za mraba 1.8. Ukiongeza nembo ya kimo cha sentimita 20 juu ya herufi mojawapo, mstatili wote hupanda na kufikia 2.7, ingawa nembo ni ndogo. Ukipunguza herufi hadi sentimita 30 na kuacha nembo, urefu hushuka kwa uwiano uleule na eneo huwa takriban mita moja ya mraba. Wenye maduka huogopa kupunguza, lakini kwa kanuni ya makadirio ya milimita 25 za kimo kwa kila mita 3 za umbali, herufi hizo zitasomeka vizuri kutoka mita 36, na hiyo inatosha kwa mtaa wa kawaida.

Mwanga uangukie herufi, usitoke kwenye sanduku zima linalowaka, na usimulike madirisha ya wanaoishi ghorofani.

Omba kikao cha ushauri na afisa mipango miji kabla ya kuwasilisha faili, umwonyeshe michoro ya awali, na uandike kila anachokitaja. Majirani wakitangaziwa maombi, nenda ukaongee nao wewe mwenyewe. Idhini ikitoka, isome hadi mwisho, kwa maana masharti yake, kama vile kuwasilisha sampuli ya rangi kabla ya kazi kuanza, yana nguvu sawa na idhini yenyewe. Nakala ya michoro iliyogongwa muhuri ikae kwenye eneo la kazi, na fundi akipendekeza kioo au rangi tofauti, kazi ya sehemu hiyo isimame mpaka badiliko likubaliwe kwa maandishi.