Somo: Kuchagua mashine ya ngoma inayojitegemea, kwa kupanga midundo na kuipiga kwa vidole

Mashine ya ngoma inayojitegemea huhifadhi sauti, hupanga mdundo na kuutoa bila kompyuta. Wengi wanaoitafuta hapa Kampala huanza kwa kuuliza ina sauti ngapi. Kwa maoni yangu swali hilo lije mwisho, kwa sababu katika mashine zinazopokea sampuli, yaani sauti fupi zilizorekodiwa, sauti hubadilishwa wakati wowote, ilhali pedi na mfumo wa kupanga hatua utabaki nao kama ulivyoununua.

Kwanza, amua kazi yako kubwa ni kupanga au kupiga. Roland TR-808 ya mwaka 1980 ilikuwa na vitufe 16 vilivyopangwa kwa mstari, kila kimoja kikiwakilisha hatua moja ya mdundo. Akai MPC60, aliyoibuni Roger Linn na iliyotoka mwaka 1988, ilileta pedi 16 za mpira, safu nne kwa nne, zinazotambua nguvu ya kidole. Mashine nyingi za leo zimefuata mojawapo ya njia hizo. Elektron Digitakt ya mwaka 2017 ni hodari sana katika kupanga, lakini vitufe vyake havitofautishi pigo zito na jepesi. MPC One ya mwaka 2020 na Roland SP-404MKII ya mwaka 2021 zina pedi zinazotofautisha.

Pili, ijaribu kwa mdundo wa nyumbani, na hapa usiwe na haraka. Baakisimba, mdundo wa ngoma wa Baganda, huenda kwa mapigo makubwa manne, kila pigo likigawanyika katika sehemu tatu, yaani sehemu 12 kwa mzunguko, wakati mashine nyingi huwashwa zikiwa na hatua 16. Wauzaji wengine watakuelekeza kwenye swingi, yaani kuchelewesha hatua ya pili ya kila jozi. Swingi haitoshi: hata ukiifikisha asilimia 66, hatua ya pili ya kila jozi husogea hadi sehemu ya tatu ya utatu, na sehemu ya katikati inakosa pa kukaa. Unachohitaji ni uwezo wa kuifanya njia, yaani mstari wa sauti moja, iwe na hatua 12 na kubadili mgawanyo wake. Digitakt hufanya hivyo kwa kila njia peke yake, ukichagua hatua 12 na kasi ya robo tatu, hivyo ngoma ya empuunyi inaweza kushika mapigo manne huku ngoma ya embuutu ikizunguka kwa utatu. Roland TR-8S nayo ina mgawanyo wa utatu. Ikiwa muuzaji hawezi kukuonyesha jambo hili dukani, usitoe fedha bado.

Tatu, piga pedi kwa vidole viwili vya mikono tofauti, polepole kisha kwa kasi, ukianzia mguso mwepesi kabisa. Sikiliza kama pigo jepesi limepotea na kama pembe ya pedi inajibu sawa na katikati. Weka pigo la wazi na pigo lililofungwa la engalabi, ile ngoma ndefu, kwenye pedi mbili, halafu hakikisha kwamba mashine inaweza kulikata la kwanza pindi la pili linapopigwa. Bila hilo ngozi haisikiki kama ngozi.

Nne, soma kibandiko cha adapta. Umeme wa Uganda ni volti 240, na adapta iliyotengenezwa kwa volti 100 au 120 pekee itaungua.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mimi hupiga kwenye harusi vijijini ambako umeme si wa kutegemea. Nichukue ipi?

Jibu: Ndugu yangu, SP-404MKII hutumia betri sita ndogo za AA na hupokea pia umeme wa USB-C. Novation Circuit Rhythm na MPC Live zina betri ya ndani ya kuchaji, na ile ya Circuit Rhythm hudumu takriban saa nne. MPC One haina betri.

Swali: Nikipiga pedi, sauti inachelewa kwenye spika yangu ya bluututhi. Je, mashine ni mbovu?

Jibu: La. Spika hizo hupokea sauti iliyobanwa kwanza, na ucheleweshaji wake mara nyingi huzidi milisekunde 100, kiasi ambacho vidole haviwezi kukivumilia. Tumia kebo au vipokea sauti vya waya.

Swali: Tayari ninayo Digitakt. Je, niiuze ili nipate pedi za kupiga?

Jibu: Usiiuze. Nunua kibao cha pedi chenye tundu la pini tano la MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki huwasiliana kwayo, ukiunge kwenye MIDI ya kuingilia, nayo Digitakt itapokea na kurekodi nguvu ya kila pigo. Hakikisha ni tundu la pini tano, kwa sababu kibao chenye USB pekee hakitaongea nayo moja kwa moja.