Somo: Panga mafuta ya harufu kwa makundi kabla hujayeyusha nta

Shikamooni wakubwa, na wenzangu wote habari za kazi. Wengi mmeniuliza nawezaje kukumbuka harufu zote za mishumaa nilizonazo. Sikumbuki. Nimezipanga tu.

Zamani boksi langu lilikuwa na chupa 37 zilizopangwa kwa rangi ya vifuniko. Lilipendeza machoni, lakini siku moja nikapata oda ya mishumaa 40 myeupe ya sendofu, kule Nyegezi, Mwanza. Nikachukua chupa iliyoandikwa maziwa na asumini, nikajua hilo ni ua, nikamimina. Baada ya siku chache mishumaa ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Ndani ya ile chupa kulikuwa na vanila nyingi, na vanilini, kemikali iliyomo kwenye vanila, ndiyo inayogeuza nta kuwa kahawia. Oda nikairudia kwa nta yangu mwenyewe. Tangu hapo sipangi kwa kifuniko wala kwa jina.

Hatua ya 1: Toa chupa zote, sahau majina

Jina la kwenye chupa ni la muuzaji, pua ni yako. Bandika namba kwenye kila chupa, kisha kata vipande vyembamba vya karatasi nyeupe isiyo na harufu. Chovya ncha, andika namba kwa penseli, weka kando. Nusa mara tatu: papo hapo, baada ya nusu saa, na kesho yake asubuhi. Machungwa na ndimu zitakuwa zimekimbia. Udi, msandali na vanila bado utazikuta zimekaa kitako.

Usinuse zaidi ya tano au sita kwa mkupuo, pua inachoka. Watu husema nusa kahawa katikati. Mimi natoka nje kupunga hewa na inatosha.

Hatua ya 2: Andika kwa maneno ya mteja

Hii ndiyo hatua watu wanaruka, na ndiyo inayouza. Nampa mama jirani karatasi, simwambii kitu, nasikiliza. "Hii kama sabuni ya mtoto." "Hii biriani." "Hii inanikumbusha msibani." Yote naandika hivyohivyo, hata lile la msibani, kwa sababu ukishasikia hilo mara mbili ujue mshumaa huo hauingii kwenye kapu la zawadi ya bibi harusi.

Niliwahi kuwa na chupa ya harufu ya bahari, nikaona niipe jina la kwetu: Upepo wa Ziwa. Mteja wa kwanza akashika mshumaa, akaniuliza, "Dada, huu unanuka dagaa?" Jamani! Mtu amekulia karibu na soko la samaki la Mwaloni Kirumba, unamwambia ziwa, akili yake inaenda kwenye dagaa walioanikwa. Harufu ilikuwa safi kabisa, kama nguo iliyotoka kuanuliwa. Nikabadilisha lebo ikawa Shuka Jipya. Mafuta yaleyale, na sasa mshumaa unatoka.

Hatua ya 3: Yaweke kwenye makundi

Wataalamu wa manukato wana mduara wao. Unaojulikana zaidi ni wa Michael Edwards, wenye familia kubwa nne: maua, ambari (harufu nzito zenye joto na utamu), miti na harufu za ubichi. Ni mzuri kuujua, ila wateja wangu hawaulizi ambari. Mimi natumia makundi sita.

Chachu: ndimu, chungwa, limau, na mchaichai. Mchaichai ni jani, najua, lakini mafuta yake yamejaa sitrali, ambayo imo pia kwenye ganda la limau. Pua haijali mmea umeotaje. Kundi hili linaingia puani haraka na kuondoka haraka.

Maua: waridi, asumini, langilangi. Hapa ndipo pa harusi.

Viungo: karafuu, mdalasini, iliki. Harufu zenye mabavu. Karafuu ina yujenoli, ambayo madaktari wa meno huitumia, ukizidisha kidogo tu chumba kinanukia kama kwa daktari wa meno. Kwa kundi hili naanzia kipimo cha chini.

Vitamu: vanila, karameli, nazi, kahawa. Wateja wanaozipenda hawabadiliki, na wenye asili ya Bukoba kwenye kahawa utawapata tu. Kundi hili lote linapigwa alama ya onyo la rangi hadi nitakapolijaribu.

Miti na udi: msandali, mwerezi, udi.

Safi: sabuni, pamba, mvua, na lile Shuka Jipya.

Chupa ikigombewa na makundi mawili, fuata harufu ya baada ya nusu saa.

Hatua ya 4: Namba na daftari

Kila kundi lina herufi yake isiyofanana na ya kundi jingine, kila chupa namba: M4 ni ua la nne, V2 ni kiungo cha pili. Kwenye daftari naandika tarehe ya kununua, bei, maneno ya mteja, na kama inabadilisha rangi. Juu ya lebo bandika selotepu, maana tone moja la mafuta linafuta wino wote. Kila kundi liwe na sirinji yake. Sirinji iliyopita kwenye karafuu usiipeleke kwenye waridi, hata uioshe vipi.

Hatua ya 5: Jaribu kwenye nta

Karatasi si mshumaa. Pima gramu 100 za nta na gramu 6 za mafuta, yaani asilimia 6, kwa mizani na si kwa kijiko. Acha nta ya parafini siku kadhaa, nta ya soya kama wiki mbili, ndipo uwashe. Andika inavyonukia ikiwa imezimwa na ikiwa inawaka. Kuna harufu ya kundi la Chachu niliyoipenda sana kwenye karatasi, mshumaa ukiwaka sisikii kitu. Imebaki kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Chupa za kioo cheusi, kifuniko kimekazwa, mbali na jua. Chini ya mabati saa nane mchana si mahali pa mafuta.

Maswali ya wanakundi

Swali (Igoma): Dada, lavenda unaiweka wapi? Mimi naona ni ua.

Ni ua kweli, lakini wateja wangu karibu wote wanasema sabuni. Iko Safi. Kama wako wanasema ua, iweke Maua.

Swali (Sengerema): Shikamoo dada. Nina chupa nne tu, kuna haja?

Marahaba mdogo wangu. Namba na daftari anza leo. Makundi yatakusaidia kununua: kama zote nne ni vitamu, ya tano usinunue tamu.

Swali (Nyakato): Pafyumu ya kujipulizia naweza kuitia?

Hapana. Ina spiriti, haichanganyiki vizuri na nta na inashika moto upesi. Nunua mafuta ya mishumaa, na umwombe muuzaji cheti cha IFRA (shirika la kimataifa la manukato) cha harufu hiyo. Kwenye cheti hicho angalia kundi la 12, ndilo la mishumaa. Hapo utaona kiwango cha juu kinachoruhusiwa.

Swali (Ukerewe): Huku machungwa yamejaa. Nikikausha maganda niyatumbukize kwenye mshumaa?

Kaka, ganda kavu ndani ya mshumaa linaweza kushika moto kama utambi wa pili. Lifunge kwenye boksi kwa nje kama pambo.

Swali (Pasiansi): Naweza kuchanganya makundi?

Ndiyo, na hapo ndipo raha ilipo. Chachu na Viungo zinapatana sana: chungwa matone tisa, karafuu tone moja, kwenye karatasi kwanza. Maua na Vitamu jihadhari na rangi. Miti na Safi nimejaribu mara tatu, bado sijapata cha kuuza. Aliyefanikiwa aandike hapa chini.