Alizimia kidogo, akaamka, akaomba chai: kumtambua na kumtibu aliyepasuka ateri kichwani

Ndugu zangu, maneno hayo ya juu nayasikia mara nyingi zamu ya usiku, kwa kawaida kutoka kwa ndugu wa kijana aliyeanguka na bodaboda. Yananitisha kuliko shati lililolowa damu.

Pale panjani, kati ya jicho na sikio, mfupa wa fuvu ni mwembamba, na kwa ndani yake imepita ateri (mshipa unaotoa damu kwenye moyo) inayolisha utando mgumu unaofunika ubongo. Mfupa ukivunjika huichana. Damu ya ateri hutoka kwa msukumo, ikabandua utando kwenye mfupa kidogo kidogo. Mgonjwa anaweza kuongea vizuri kwa saa kadhaa, halafu akaanza kusinzia. Usingizi ule si wa uchovu.

Hatua ya 1: Barabarani. Shikilia kichwa kilingane na mwili, shingo isigeuzwe. Kidonda kizibe kwa kitambaa safi, ila usibonyeze palipobonyea mfupa. Asile wala asinywe. Na nawaomba sana, asipewe aspirini wala diklofenaki.

Hatua ya 2: Pima fahamu, rudia, andika saa. Kipimo cha Glasgow kinaanzia 3 hadi 15: macho, maneno, viungo. Namba moja haitoshi, tazama inakoelekea. Aliyekuwa 15 saa nne usiku akawa 13 saa tano, huyo anaharibika mbele ya macho yako, usingoje afike 8. Mulika mboni. Mara nyingi ya upande wenye damu hupanuka isisinyae, na mkono na mguu wa upande wa pili hulegea.

Hatua ya 3: CT-skani, yaani picha za ndani ya kichwa tabaka kwa tabaka. Eksirei huweza kuonyesha ufa wa mfupa, damu haionyeshi. Kwenye CT damu hii ni nyeupe, imevimba pande mbili kama lenzi.

Hatua ya 4: Tiba. Damu ikizidi mililita 30 ni upasuaji, hata kama mgonjwa anaongea. Mpasuaji hufungua dirisha la mfupa, huondoa bonge, huichoma ateri inayovuja, kisha hushona utando kwenye mfupa usibanduke tena. Ikiwa ni chini ya hapo, unene haujafika milimita 15, ubongo umesogea chini ya milimita 5 na fahamu ni nzuri, anaweza kuangaliwa bila kisu. Lakini alazwe palipo na mpasuaji wa ubongo, na CT irudiwe baada ya saa 6 hadi 8.

Hatua ya 5: Shingo. Hii husahaulika sana. Kichwa kikirushwa kwa nguvu, ukuta wa ndani wa ateri ya shingo huweza kuchanika na damu ikaganda humo. Saa au siku kadhaa baadaye shingo inauma upande mmoja, kope inashuka na mboni ya jicho hilo ni ndogo, au mkono unapooza ilhali CT ya kichwa ni safi. Agiza CT ya mishipa ya shingo kwa dawa ya kung'arisha. Tiba yake mara nyingi ni heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au aspirini. Ndiyo, aspirini ileile niliyoikataza barabarani: huku inazuia kiharusi, kule inaongeza damu kuvuja. Picha kwanza, dawa baadaye.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo tabibu. Mdogo wangu aligonga kichwa jana, wamemruhusu. Tuangalie nini?*
Marahaba. Asilale peke yake leo. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akiropoka, akipata degedege, au maji maangavu yakimtoka puani au sikioni, rudini saa hiyohiyo. Asipoamshika, msingoje asubuhi.

*Hospitali yetu ya wilaya haina CT. Tufanyeje?*
Hakikisha njia ya hewa, mpe oksijeni, inua kichwa cha kitanda nyuzi 30, pigia simu hospitali ya rufaa kabla gari halijaondoka. Mboni ikipanuka, omba ushauri wa manitoli (dawa ya kupunguza shinikizo ndani ya fuvu) kwa simu hiyohiyo. Karatasi ya Hatua ya 2 isafiri na mgonjwa.

*Baba aligongwa miezi miwili iliyopita. Jicho ni jekundu, limetokeza, na anasikia mvumo kichwani unaokwenda na mapigo ya moyo. Matone hayasaidii.*
Pole sana. Acheni matone. Huenda ateri ya shingo inayopanda hadi kichwani imetoboka ndani ya mkusanyiko wa vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) nyuma ya jicho. Inathibitishwa kwa angiografia (picha ya mishipa ya damu), na huzibwa kwa vikoili (nyaya ndogo zilizosokotwa) vinavyopitishwa kwenye mshipa wa kinenani. Mpelekeni hospitali ya rufaa wiki hii. Uoni ukianza kufifia, mpelekeni siku hiyohiyo.