Shamba la mikorosho la marehemu na hesabu ya miaka 12

Familia inapofiwa na mzee aliyeacha shamba la mikorosho, iwe Newala, Tandahimba au Nachingwea, jambo la kuandikwa mapema kabisa ni tarehe ya kifo. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 12 ya kufungua madai ya kurejesha ardhi, na pale marehemu alipofariki akiwa bado ameishika ardhi yake, miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku aliyofariki. Haianzi siku warithi walipogundua kuwa mtu mwingine anaokota korosho, wala siku msimamizi wa mirathi alipoteuliwa. Vikao vya ukoo, hata vikiwa kumi, havisimamishi hesabu hiyo, na nimeona familia zilizopoteza haki ya wazi kwa sababu ya kusubiriana na kuoneana haya.

Kwa hiyo anzeni na mirathi. Ukoo ukae, uandike muhtasari wa kumpendekeza msimamizi, kisha apeleke muhtasari huo pamoja na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo. Bila barua ya usimamizi, mtoto wa marehemu hana sauti ya kisheria ya kushtaki kwa niaba ya mali ya marehemu, hata kama kila mtu kijijini anamjua. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera, ambao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, swali la kama shamba ni la watoto au la wapwa litaibuka hapohapo, na ni heri lijibiwe mbele ya mahakama hiyo kuliko kuachwa liote mizizi. Mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki ardhi kwa sababu tu ni mwanamke imebatilishwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hivyo binti asikubali kuondolewa kwenye orodha ya warithi.

Sasa tuje kwa aliyekaa shambani. Wengi wanaamini kwamba miaka 12 ikitimia shamba linakuwa la aliyelima, na imani hiyo ni nusu ya ukweli. Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Madai Na. 193 ya 2016, iliorodhesha mambo ambayo mdai wa namna hii lazima ayathibitishe, miongoni mwake kwamba mwenye ardhi aliitelekeza, kwamba mdai aliishika waziwazi na bila kukatizwa kwa muda wote uliowekwa na sheria, kwamba hakuwa na idhini ya mwenyewe, na kwamba alikusudia kumwondoa mwenyewe katika umiliki. Neno zito hapo ni idhini. Chukulia mjomba anayehamia Dar es Salaam, akamwambia kijana wa dada yake, “Mpwa wangu, nishikie mikorosho hii, uipalilie na uvune, mpaka nitakaporudi.” Mpwa huyo anaweza kupalilia na kupulizia salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, kwa miaka 30, na bado akabaki mtunzaji, kwa sababu aliingia kwa kukaribishwa. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyechukua mikorosho kwa rehani au kwa kukodi mavuno ya msimu, kwa kuwa aliyepewa matunda ya mti hakupewa ardhi iliyo chini yake. Tena, aliyekaa akiandika na kutia saini kwamba shamba ni la mwenzake, hesabu ya miaka inaanza upya tangu tarehe ya maandishi hayo.

Mashamba ya mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa watu walipohamishiwa vijijini, yana kanuni yake. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa kwa waliohamishiwa vijijini kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977. Kabla ya kumdai jirani eneo alilopewa babu yake wakati wa operesheni ya vijiji, ulizeni kwanza wazee walikatiwaje.

Ushahidi ukusanywe shambani kabla ya kwenda barazani. Zungukeni mpaka mzima pamoja na majirani wa pande zote nne, hesabuni mikorosho, andikeni palipo na minyaa, mwembe wa mpakani au kaburi, kisha kila jirani atie saini na mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie. Maombi ya shauri lazima yaeleze ardhi inayogombewa kiasi cha kutofautishwa na nyingine, na shamba lisilopimwa halina utambulisho mwingine ila mipaka hiyo. Stakabadhi za mauzo kutoka chama cha msingi cha ushirika zitunzwe pia, lakini zinaonyesha nani aliuza korosho, hazionyeshi aliingiaje shambani. Hilo huthibitishwa na mashahidi waliokuwepo.

Usuluhishi unaweza kuanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu, bali linasuluhisha. Likishindwa, dai cheti kinachosema hivyo, kwa maana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya litakiuliza; na siku 30 zikipita bila suluhu, sheria inakuruhusu kwenda mbele bila cheti hicho. Usiposhinda huko, una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, kwa hiyo omba kwa maandishi nakala ya hukumu siku ileile inaposomwa, na ubaki na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.